Viazi Vyenye Kisukari

Magesa aling'oa lile shina la kiazi bila hodi, kama mtu anayeanua nguo zake mwenyewe kwenye kamba.

"Njooni, jamani, njooni muone mazao ya Mama Eunice!" akapaza sauti, akiliinua juu ili hata wanawake waliokuwa wakichota maji kijitoni walione. Mizizi ilining'inia, myembamba kama nyuzi, na kwenye ncha za baadhi ya nyuzi kulikuwa na vidude vyeupe vilivyozidi choroko kidogo tu. "Wiki sita mtu anamwagilia maji, kisha anavuna shanga! Si bora angefungua duka la urembo Kahama?"

Wale wanawake wakacheka. Lazima wacheke; Magesa akisema jambo lake pale kijijini, upande ule wa Ushetu, watu hucheka kwanza ndipo wafikirie.

Martina, ambaye kila mtu alimwita Mama Eunice, alikuwa mwisho wa shamba na mzigo wa mabua ya mpunga kichwani. Aliutua taratibu. Moyo ulikuwa unamchemka hadi masikioni, lakini akatembea kati ya matuta bila kukanyaga hata jani moja, akamfikia shemeji yake, akalichukua lile shina mkononi mwake.

"Shikamoo shemeji," alisema. "Ulichong'oa ni changu."

"Marahaba. Na shamba ni la nani?"

"La kiangazi hiki ni langu. Kiangazi kikiisha tutaulizana."

Magesa akacheka, akaondoka zake, akipita kwenye vigingi vyake na kuvigonga kimoja kimoja kwa kiganja. Vilikuwa sita, vya mti wa mgunga, vimefungwa vitambaa vyekundu: vinne kwenye kona, viwili katikati. Alivichomeka wiki iliyopita ili kujipimia mahali pa vitalu vyake vya miche ya tumbaku. Shamba bado lina viazi vya mwenzako, wewe unapima! Ndivyo alivyokuwa Magesa.

Ukweli ni kwamba lile bonde lilikuwa kipande pekee cha ukoo chenye maji kiangazi. Ngassa, mume wa Martina aliyekuwa mdogo wa Magesa, alipofariki, matanga hayajapoa kaka mtu alishaanza kulitaja bonde. Kwenye kikao cha ukoo alilitaka waziwazi. Lakini bonde halikuwa la wanaume wale. Lilikuwa la mama yao, Mageni, aliyekabidhiwa na marehemu mumewe alime viazi vitamu, na neno lake ndilo lilikuwa neno. Bibi yule akawasikiliza wote mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema: "Mpeni Martina kiangazi kimoja. Akitoa humo chakula, na mnunuzi akakifuata mpaka hapa mlangoni pangu, bonde ni lake na Eunice. Mnunuzi akikikataa, Magesa apande tumbaku yake."

Eunice alikuwa kidato cha pili, bwenini. Bila lile bonde, Martina angebaki na kipande cha mlimani ambacho hata mbuzi hukipita bila kugeuza shingo. Kwa hiyo aliinama kulifukia tena lile shina, akijua halitashika, akalishindilia udongo kwa ngumi.

Wengine wote wangelima nyanya, au mchicha. Yeye akalima viazi mviringo, mbegu kutoka Mbeya, mahali ambapo mtu akisema "kiazi" anamaanisha kiazi kitamu na hakuna mjadala. Watu walimwona ana kichaa cha ujane. Hawakujua alikotokea.

Kabla Ngassa hajamwoa, Martina alikuwa mwosha vyombo kwa miaka saba katika maabara ya kituo kimoja cha utafiti wa mazao ya mizizi. Shule yake ilikuwa darasa la saba, basi. Lakini mwosha vyombo ana masikio, na wataalamu wana tabia ya kuongea mbele yake kana kwamba anayesikia ni beseni. Aliwaona wakisaga vipande vya viazi kwenye kinu kidogo kilichozungukwa na barafu. Siku moja aliiacha barafu ikayeyuka, mtaalamu akamjia juu: "Martina, umeviua!" Akauliza, viazi? "Si viazi! Vimeng'enya!" Tangu siku hiyo alifuatilia kila walichosema kuhusu hivyo vimeng'enya, maana alitaka kukijua vizuri kitu alichokiua.

Jioni hiyo Mageni alikuja bondeni na fimbo yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nasikia umevuna shanga," alisema.

"Si shanga, mayu. Ndiyo viazi vyenyewe vinaanza." Martina akamwonyesha mama mkwe wake uzi mmoja wenye kidude kwenye ncha. "Jani linapika sukari kwa jua. Sukari inashuka na shina mpaka huku. Huku sasa kuna vimeng'enya. Hivi ndivyo vinavyoipokea sukari na kuifungafunga mpaka iwe wanga, ule unga mweupe unaobaki kwenye kisu ukikata kiazi. Hapo ndipo kiazi kinapojaa."

"Umeviona kwa macho yako?"

"Havionekani."

"Yaya! Hapana!" Bibi akatikisa kichwa. "Na haya mabua unayotandaza kama unatarajia ng'ombe?"

"Joto, mayu. Udongo ukipata joto, vimeng'enya vinagoma. Sukari inashuka, haina wa kuipokea, inabaki inazurura. Mbeya kuna baridi. Sisi hatuna, kwa hiyo nautafutia udongo kivuli."

"Kwa hiyo unawatandikia kitanda watu usiowaona."

"Ndiyo, mayu."

"Mimi nimelima viazi miaka hamsini, sijamtandikia mtu." Mageni akainuka, magoti yakalia. Michembe yake ya viazi vitamu ilijulikana hadi Kahama mjini. Akivichimba viazi vitamu huviacha vinyauke siku kadhaa sakafuni, ndipo avikate na kuvianika, na utamu wake ni kama umewekewa asali. Kwa viazi hakuna aliyethubutu kumfundisha. Hata hivyo kesho yake asubuhi Martina alikuta mizigo miwili ya mabua imetuliwa pembeni ya shamba, na hakuna aliyesema nani kaileta.

Wiki ya nane alipanda basi hadi Kahama, akaingia duka la dawa, akaomba vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo.

"Pole mama. Mgonjwa nani?" akauliza muuzaji.

"Viazi."

Muuzaji akacheka akidhani ni utani. Martina hakucheka. Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo Agnetha, mke wa Magesa, aliyekuja kununua dawa ya kikohozi, na Agnetha alirudi na basi la mwanzo. Martina alipofika kijijini na basi la pili, habari ilikuwa imeshapikwa, imepakuliwa, na watu walikuwa wanalamba vidole.

"Mama Eunice, viazi vimeamkaje? Presha imeshuka?"

"Vipeleke kliniki, vipewe kadi!"

"Usivipe soda, mama, vina kisukari!"

"Vinawasalimu," Martina aliwajibu bila kusimama. "Vinasema nyie ndio mkapimwe. Tena kichwani."

Ulimi wake ulikuwa na ncha, lakini usiku hakulala vizuri. Maana alikuwa amechimba kiazi kimoja kimya kimya, kikubwa kama yai la kuku, akakiponda, akakamua maji yake, akachovya kijiti na kuhesabu hadi thelathini. Kile kikaratasi cha bluu kwenye ncha ya kijiti kikawa kijani, kikaendelea, kikatulia kwenye kahawia. Sukari tele. Vimeng'enya vilikuwa bado kazini, havijafika nusu.

Na sukari ndiyo iliyokuwa mkosi. Mnunuzi aliyemtegemea alikuwa Chiku wa Bugarama, mama mmoja anayekaangia chipsi madereva na vijana wa machimboni, mwenye kikaango kipana kama ungo. Wiki ya kumi Martina alimfuata huko, akakaa kwake siku tatu akimsaidia kumenya na kuona biashara ilivyo. Alikuta Chiku ana ugomvi na dunia nzima.

"Walanguzi wananiua!" Chiku alilalamika huku akigeuza chipsi zilizokwishageuka rangi ya udongo. "Viazi vinang'olewa vichanga ili wawahi soko. Ukikaanga, nje vyeusi, ndani vibichi. Mteja ananiambia nimekaangia mafuta ya gari. Mimi, Chiku binti Sabiti, mafuta ya gari!"

"Si mafuta yako," Martina alimwambia. "Kiazi kichanga sukari yake haijafungwa. Weka sukari kwenye kikaango cha moto, uone itakuwa rangi gani."

Chiku akaacha kugeuza. "Wewe viazi vyako havifanyi hivyo?"

"Vikikomaa, havifanyi."

"Basi twende nikavione. Lakini mimi kiazi sikiamini kwa mdomo. Nikienda kununua naenda na kikaango changu na mafuta yangu, na ninakaangia hapohapo shambani kwa mtu." Akafunga dumu la mafuta kwenye kanga, akajitwika kikaango, na asubuhi wakapanda gari wote wawili, Martina akimweleza njia nzima kwamba anakwenda kuona tu, kukaanga ni mwezi ujao.

Walipofika nyumbani walikuta uwanja wa Mageni umejaa watu kama kuna posa.

Magesa alikuwa amesimama katikati, kifua mbele. Miguuni pake kulikuwa na viazi, debe zima, vimenyaukanyauka ngozi. Alichimba matuta matatu siku ileile Martina alipoondoka, akavileta kwa mama yake, na Mageni, kwa mazoea ya michembe, akaagiza viachwe sakafuni vinyauke kwanza. Asubuhi hii vimechemshwa sufuria moja, na bibi alikuwa bado anatafuna.

"Mama Eunice, karibu!" Magesa aliita kwa furaha ya kweli. "Tumekusaidia. Viazi vimekomaa!"

"Nani kasema?"

"Mimi," akasema Mageni. "Vitamu. Nghana, kweli kabisa, sikutegemea. Kiazi kikishaingia utamu kimekomaa, hilo halina mwalimu. Na naona mnunuzi umemleta mwenyewe mpaka mlangoni. Vizuri. Mkavune vyote leo, yeye anunue, tumalize. Akivikataa, mwanangu, neno langu unalijua."

Martina akasogea mbele. Akainama, akachukua kiazi kimoja kwenye lile debe, akakipasua kwa kisu cha Chiku, akakiponda juu ya jiwe, akakamulia maji yake kwenye kiganja. Watu wakaanza kuminyana mbavu. Alitoa kijiti kwenye kichupa alichotembea nacho, akachovya. Hakuwa na haja ya kuhesabu hadi thelathini. Kahawia ilikuja upesi, nzito kuliko ile ya wiki ya nane.

Kwa viazi vitamu bibi alikuwa sahihi, miaka yote hamsini. Kwa hivi, utamu ule ulikuwa ushahidi kwamba kazi haijaisha. Lakini utamwambiaje Mageni, mbele ya watu, kwamba hajui kiazi? Mkwe hamkatalii mama mkwe. Martina mwenyewe alilelewa hivyo, na katika miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kumjibu bibi yule neno lisilo la ndiyo. Magesa alilijua hilo na alikuwa amejenga juu yake.

Martina akaliendea jembe lililoegemezwa ukutani. Akalichukua. Akarudi, akapiga magoti mbele ya Mageni, jembe likiwa mkononi.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba."

"Umenilea kama mwanao, na leo nakukatalia. Sivuni."

Kuku mmoja akapita katikati akidonoa maganda.

"Unasema?" Mageni akauliza.

"Nasema sivuni, na mtu akitia jembe kwenye tuta langu nitalala juu ya tuta hilo, anichimbe na mimi. Viazi hivi alivyochimba Magesa si vyangu, ni vyake. Chiku ana kikaango hapa na mafuta hayajafunguliwa. Avikaange vya Magesa. Vikiwa vizuri, bonde achukue leo hii, nami nitamsaidia kubeba miche ya tumbaku kichwani mwangu. Vikiwa vibaya, hakuna mkono utakaogusa shamba langu mpaka niseme mimi."

"Mmesikia wenyewe!" Magesa akapiga makofi. "Mama ameshavionja, asali tupu. Kaanga, dada, kaanga!"

Mageni alimtazama Martina kwa jicho ambalo mtu hawezi kulisoma, kisha akamwashiria Chiku kwa fimbo.

Chiku akafungua dumu mbele yao, akamnusisha kila aliyetaka kunusa, akabandika kikaango. Akamenya, akakata. Mafuta yalipochemka akasema bismillahi, akamimina. Kwanza harufu ilikuwa nzuri, watoto wakasogea. Kisha pembe za chipsi zikaanza kugeuka. Ndani zilikuwa bado hazijaiva, nje zilishapita rangi ya dhahabu bila kusalimia, zikawa kahawia, zikawa nyeusi. Harufu ikawa ya kitu kilichoungua.

Chiku akaziopoa, akampelekea bibi kwenye sahani. Mageni akachukua moja, akauma, akaitema.

"Chungu!" Akaitazama ile chipsi kama vile imemtukana. "Si ndivyo hivi nilivyokula asubuhi vitamu?"

"Ndivyo hivyo hivyo, mayu," Martina alisema, bado yuko magotini. "Utamu wenyewe ndio ulioungua."

"Mafuta yake machafu!" Magesa akafoka.

Ala! Chiku aliinuka na mwiko mkononi, na kama isingekuwa wanawake wawili kumshika kiuno, Magesa angeondoka pale na alama. "Dumu nimelifungua mbele ya pua yako wewe! Rudia tena kusema mafuta yangu!"

Magesa hakurudia. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. "Sawa. Si ameonyesha mwenyewe kwamba viazi vyake ni vyeusi? Udongo ni uleule, mbegu ni ileile. Mnasubiri nini?"

"Nilisema kiangazi kimoja," Mageni akajibu, akijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Kiangazi hakijaisha."

"Basi vigingi vyangu havitoki mule!"

"Vikae tu," Martina akasema, akainuka na kukung'uta magoti. "Jua ni zuri. Vikauke vizuri."

Mwezi uliofuata ulimla nyama. Septemba iliingia na joto la kukaushia samaki, upepo ukipeperusha vumbi kutoka barabarani. Martina alihamia bondeni. Alikuwa anamwagilia jua likianza kulegea, anaongeza mabua, anaingiza kidole kwenye tuta kusikiliza kama udongo umepoa. Kila baada ya siku tatu alitoa kiazi kimoja akapima. Kahawia. Kahawia iliyopauka. Kijani cha jani bichi. Vijiti vilikuwa vinapungua kwenye kichupa na yeye alikuwa anapungua mwilini. Kuna siku alikaa katikati ya matuta akalia kwa sauti, akimlaumu Ngassa kwa kufa, akiwalaumu wale wataalamu kwa kusema mambo mbele ya mwosha vyombo halafu wasimalizie. Alipomaliza kulia akaenda kuchota maji.

Wiki ya kumi na tatu akachukua panga, akafyeka majani yote yaliyokuwa yameanza kupauka, shamba likabaki uchi. Sasa hata waliomwonea huruma walishika vichwa. Magesa alikuja kusimama ukingoni, akaangalia, wala hakupaza sauti.

"Umeua mwenyewe," alisema. "Afadhali. Si Jumatatu hii, ile nyingine, naleta mbegu za tumbaku."

"Karibu sana," Martina akamjibu. "Uje asubuhi, ukute chai."

Alikuwa anajua anachokifanya: majani yakiondoka hakuna sukari mpya inayoshuka, vimeng'enya vinamalizia ile iliyobaki, na ngozi inashika. Alikuwa anajua kwa kusikia. Kwa kufanya, hakuwahi. Alipoweka panga chini aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani.

Jumatatu ile Magesa alikuja kweli, na mfuko wa mbegu kwapani. Alikuta watu wapo. Chiku alikuwapo tangu saa mbili, amepanga mawe matatu na kubandika kikaango chake. Mageni alikuwa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Martina akachagua tuta la katikati, akapiga jembe mara moja, akainua.

Viazi vikatoka vinne, vitano, saba, ngozi ngumu, kila kimoja kimejaza kiganja. Mtu mmoja akapiga mluzi. Martina hakushangilia. Akapasua kimoja, akaponda, akakamua, akachukua kijiti cha mwisho kwenye kile kichupa. Safari hii waliomzunguka walihesabu naye kwa sauti, hata wale waliokuwa wakiuliza habari za presha. Moja, mbili, tatu. Thelathini. Kikaratasi kilikuwa bluu. Wakahesabu tena hadi sitini, na bado kilikuwa bluu kama kilivyotoka dukani.

"Havina kisukari!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na vigelegele vikaanza, lakini Mageni akainua fimbo.

"Nyamazeni. Kikaango ndicho kitakachosema."

Chiku akamenya, akakata, bismillahi, akamimina. Mafuta yalinguruma, yakatulia, na chipsi zikaanza kupanda juu, kwanza nyeupe, halafu njano, halafu zikafika kwenye ile rangi ya dhahabu ambayo nusu ya mkoa mzima wanaichimbia mashimo, zikabaki hapo. Chiku akaziacha kidogo makusudi. Hazikusogea rangi. Akaopoa moja, akaivunja. Ndani ilikuwa nyeupe na kavu kama unga.

"Nachukua shamba zima," Chiku akasema. "Na mwakani. Na asije mtu mwingine hapa kuniuliza bei."

Mageni akapelekewa sahani. Akatafuna polepole.

"Hakina utamu," alisema.

"Mmesikia!" Magesa akarukia. "Mama amesema! Hakina utamu! Chakula gani kisicho na utamu?"

Bibi akachukua chipsi ya pili. Akaitafuna vilevile, macho yakiwa mbali. Akachukua ya tatu. Watu walikuwa wamekodoa macho kwenye mdomo wake, na Martina alikuwa amesimama na jembe, maana neno lilikuwa bado halijasemwa. Neno la mama huyu ndilo lililokuwa limebaki kati yake na ile ardhi.

"Jamani, moto unashuka," Chiku akasema, akiinama kupuliza. "Mafuta yakipoa chipsi zitalewa. Kuni!"

Kuni zilikuwa zimekwisha. Martina akatazama huku na huku. Kisha akaweka jembe chini.

Akaenda kwenye kigingi cha kwanza, kile cha karibu na kijito. Akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Akakifungua kitambaa chekundu, akakikunja vizuri, akakiweka kando. Akaenda cha pili. Cha tatu. Hakuharakisha. Akarudi na vitano kifuani, mgunga uliokaushwa miezi miwili na nusu na jua la Mungu, akapiga magoti mbele ya mawe matatu, akavisukumiza chini ya kikaango kimoja baada ya kingine. Moto ukashika ukalia.

"Mama!" Magesa alipata sauti yake, ikatoka nyembamba. "Mama, unaona? Unaona anachofanya huyu mwanamke?"

Mageni alikuwa anachukua chipsi ya nne. Akaichovya kwenye chumvi.

"Naona," akasema. "Amekisahau kile cha kona."